Siku Ngome Ilipopewa Bi Umi

Juma lililopita mjukuu wangu alileta mafundi wa kupaka ukuta wa uani. Hawakuja na rangi ya kopo. Walikuja na chokaa kavu, wakaitia ndani ya pipa, wakaimwagia maji, ikaanza kutokota yenyewe bila moto, mvuke ukipanda kama wa uji. Mimi nilikuwa barazani napepeta mchele. Harufu iliponifikia niliweka ungo chini. Ni harufu kavu, inakwaruza puani na kuacha ladha ya mawe ulimini, na watu wengi hawaipendi. Mimi ilinifanya nicheke peke yangu hadi kijana mmoja wa mafundi akaniuliza kama kuna jambo.

"Lipo," nikamwambia, "lakini ni refu. Ninyi pakeni ukuta."

Basi nawasimulia ninyi, wenzangu wa rika langu, hasa mliokulia Ngamiani enzi zile tulipokuwa tukipanga ndoo bombani na kukimbilia stesheni kuangalia treni ikiingia. Ninyi hamna haja ya kuulizia Ngome ilikuwa wapi. Kwa wengine nitasema tu kwamba ilikuwa juu ya mwinuko, imeupa mji mgongo na kuitazama bahari. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, nene kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala juu yake na kugeuka asianguke. Wazee walisema walioianza ni watu wa Sultani, kisha akaja Mdachi, yaani Mjerumani, akazipandisha kuta, akachimba kisima, akatia mizinga, akawaweka humo askari wake weusi pamoja na wake zao na watoto wao. Vita vilipofika, Mdachi akaondoka, Mwingereza akaingia. Yeye aliweka wafungwa, baadaye akaweka baruti, na mwisho hakuweka kitu.

Nilipopata akili mimi, Ngome ilikuwa ya popo. Lango lilifungwa kwa mnyororo na majani yalichomoza kwenye nyufa. Sisi watoto tuliamini kitu kimoja bila shaka yoyote, kwamba ndani bado kuna askari wa Mdachi wamesimama mstari, bunduki begani, kwa sababu bwana wao aliondoka mbio akasahau kuwaamuru wapumzike. Ukitega sikio kwenye tundu la lango ulisikia wakipumua. Niliwasikia kwa masikio yangu, na aliyenibishia tulipigana.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Jioni moja alirudi nyumbani akavua kofia kabla hajafika mlangoni, na kwa baba hiyo ilikuwa dalili ya habari kubwa.

"Wanaifungua Ngome," akamwambia mama. "Mafundi tumeitwa kuanzia kesho. Kuta za upande wa bahari zishushwe hadi usawa wa kiuno, mawe yake yajengewe viti. Uwanja wa gwaride upandwe nyasi. Wanasema itakuwa bustani."

"Bustani!" mama akasema. "Pale?"

"Pale pale."

"Na askari je?" nikauliza mimi.

"Askari gani?"

"Walio ndani. Nani atawaambia wapumzike?"

Baba akamtazama mama, mama akamtazama baba. "Huyu mtoto," mama akasema, "hebu mpe maji baba yako anawe."

Tangu siku ile sikulala vizuri kwa furaha. Kazi yangu ikawa kumpelekea baba chakula cha mchana, wali na mchuzi ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa, nami nilikwenda mbio hata mchuzi ukawa unafika nusu. Siku ya kwanza nilipita lile lango nikiwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua niliona uwanja mpana umejaa majani makavu, mbingu juu yake kama kifuniko cha buluu, na popo wakiruka ovyo kutoka vyumbani, wamefadhaishwa na nyundo. Hapakuwa na askari. Nilidhani nitasikitika, lakini nilichofanya ni kuanza kukimbia. Nilikimbia kutoka ukuta hadi ukuta nikipiga kelele ili zinirudie. Mafundi walicheka, wakaniacha. Kandokando ya ukuta wa ndani kulikuwa na vyumba vidogo vidogo, vimeshikana kama meno, na juu ya kila mlango paliachwa alama nyeusi ya moshi. Watu walikuwa wamepika pale. Nilichungulia kila kimoja. Nilichokipenda kilikuwa cha pembeni kabisa, chenye dirisha dogo kama la kutolea mkono, na ukiweka jicho pale uliona bandari yote. Chokaa ilinijaa nywele, nikarudi nyumbani nimekuwa bibi kizee.

Sasa nimlete Bi Umi, kwa maana hadithi hii ni yake.

Bi Umi alikuwa jirani yetu, ukuta wetu wake. Alipika vitumbua asubuhi, vyenye hiliki ya kutosha, na watu walitoka mitaa ya mbali kuvifuata. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, mjane asiye na mtoto, na hatukujua ndugu yake hata mmoja. Ikifika sikukuu watu walipokea wageni kutoka Pangani, wengine kutoka Usambara, Bi Umi yeye alikuja kula kwetu. Mtaani kulikuwa na Umi wawili. Mmoja alikuwa mke wa fundi cherehani, na ili wasichanganywe huyu wetu aliitwa kwa jina la baba yake, Umi binti Maganga. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kwake. Hakupita mbele ya Ngome. Akienda hospitali alizunguka sokoni, njia ya mbali, jua kali au mvua. Tulidhani anawaogopa wale askari, nasi hatukumlaumu.

Kazi ilipokaribia kwisha likapita gari la serikali mtaani, limefungwa kipaza sauti juu ya paa. Kipaza sauti chenyewe kilikuwa kikikoroma kama mtu mwenye mafua. Tulilikimbilia watoto wote, vumbi mpaka kichwani, na sauti ikawa inasema: "Jumamosi alasiri... wananchi wote mnakaribishwa... Ngome ya zamani... itakuwa bustani ya um—" hapo kikakoroma, gari likakata kona, ikabaki "...mi" au "...ma", sijui, lakini mimi nilisikia wazi kabisa. Bustani ya Umi.

Msinicheke. Neno "umma" nilikuwa silijui. Bustani niliyoijua ni ile ya pwani ya Wazungu, tuliyoipita kando tukiangalia mayaya wakisukuma watoto kwenye vigari, na hakuna aliyewahi kutuambia tuingie. Kwa akili yangu, bustani lazima iwe na mwenyewe. Na kama serikali imetafuta mtu wa kumpa Ngome, ingempata nani bora kuliko Bi Umi, ambaye hakuwa na watoto wa kuiharibu? Swali langu moja tu lilikuwa Umi yupi, na hilo nalo nikalijibu mwenyewe. Mke wa fundi cherehani alikuwa na nyumba ya bati. Bi Umi wetu alikaa kwenye makuti. Ilikuwa haki.

Nilikimbia mtaa mzima kutangaza. Niliwaambia wenzangu wa chuo cha Kurani, nikamwambia muuza mafuta ya taa, nikawaambia wanawake bombani. Mbele ya duka la kona nilimkuta Bwana Hamadi, mleta nazi, ambaye alikuja mjini na lori kutoka Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, akashusha nazi zake na kurudi na habari za mji.

"Bwana Hamadi, shikamoo. Umesikia? Ngome kapewa Bi Umi."

"Marahaba. Umi yupi?"

"Umi binti Maganga. Wa vitumbua."

"Kapewa ngome nzima?"

"Na mizinga yake."

Bwana Hamadi aliweka nazi chini. "Makubwa!" akasema. "Binti Maganga kapewa na mizinga! Dunia imegeuka." Akapanda lori lake akaondoka na neno langu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Bi Umi. Mafuta yalikuwa yanachemka na yeye ameinama anageuza vitumbua kwa kijiti.

"Shikamoo, Bi Umi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka vingapi?"

"Sikuja kununua. Nimekuja kuomba chumba."

"Chumba gani?"

"Cha Ngomeni. Kile cha pembeni kabisa, chenye kidirisha cha kuangalia bandari. Usimpe mtu mwingine. Mimi na mama tutalala humo, baba atalala na mizinga."

Kijiti kilisimama. Alinitazama mimi, nami nikakitazama kitumbua kimoja kikigeuka kahawia, kisha cheusi, kisha kikaanza kutoa moshi. Bi Umi hakuwahi kuunguza kitumbua.

"Nani kakwambia habari za chumba cha pembeni?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nimekiona. Mlangoni kuna moshi."

Alikitoa kile kitumbua akakiweka juu ya jiwe. Nikaondoka nikijua nimekosea, ila sikujua wapi.

Kabla ya adhuhuri wanawake walianza kufika kwake na pongezi. "Hongera, Bi Umi, utukumbuke ufalmeni!" Wengine walisema kwa mzaha, wengine kwa kweli. Bi Umi alicheka nao mwanzo. Kisha mama akamkuta uani ameinamia kinu kitupu, kanga imefunika uso, mabega yanatikisika. Mama akarudi nyumbani, akaniita kwa jina langu lote.

Aliyeniokoa ni baba. Alinikalisha juu ya mfuko wa chokaa na kunieleza. "Si Umi. Ni umma. Umma ni watu. Ni mimi, ni wewe, ni yule mleta nazi. Bustani ya umma ni ya kila mtu."

Nililifikiria sana neno hilo. Lilikuwa kubwa kuliko Ngome yenyewe.

"Bi Umi naye ni umma?"

"Naye pia."

"Basi ni yake."

Baba alipangusa chokaa mikononi. "Haya," akasema mwishowe. "Ni yake."

Ijumaa jioni Bi Umi mwenyewe aliniita nikasukwe. Sikutegemea, nilidhani ananichukia. Nilikaa chini katikati ya magoti yake, mama akakaa kwenye mkeka akisuka ukili wa mkeka mpya, na Bi Umi akaanza kunisuka twende kilioni, jina la ajabu kwa mtindo wa kwendea sherehe. Vidole vyake vilinuka hiliki na mafuta ya nazi. Alisuka mstari mzima. Kisha akasema, akimwambia mama, si mimi:

"Mimi nilikaa mle ndani."

Mama akaacha ukili.

"Baba yangu alikuwa shaushi wa Mdachi, mkubwa wa askari wenzake. Alitoka bara, Unyamwezini. Tulikaa kile chumba cha pembeni, baba, mama, mimi, na dada yangu Zuhura. Dada ndiye aliyekuwa akinibeba nikaangalie meli pale dirishani. Siku Mdachi alipoamua kuukimbia mji, askari wote waliamriwa kufuata, na wake zao nyuma, wamebeba vyungu. Mimi nilikuwa na surua. Mwili wote umewiva, macho yamefumba, siwezi kutembea wala kubebwa juani. Mama akanipeleka kwa bibi mmoja wa mjini aliyekuwa akimuuzia samaki. Akamwambia, huyu akipona tu, tutakuwa tumesharudi. Dada akalia hataki kuniacha, wakamvuta."

Vidole vyake vilikaza nywele hata macho yangu yakatoa maji.

"Nilipona. Nikawa nakwenda pale langoni kila siku kuwangoja. Wakaja askari wengine, wanasema Kihindi, wakanifukuza. Nikarudi, wakanifukuza. Siku moja nikasema basi, sitaliangalia tena lango hili, maana kila nikiliangalia ni kama linanicheka. Yule bibi akanilea, tukahamia huku. Ndiyo hivyo."

"Na hukusikia habari zao?" mama akauliza.

"Za nani? Vita vilikwenda mpaka kusini huko, watu walikufa njiani kama panzi. Nimewasomea hitima wote watatu." Akafunga mwisho wa mstari kwa uzi. "Geuza kichwa, mwanangu."

Niligeuza kichwa, na kwa kuwa nilikuwa mtoto, na kesho yake kulikuwa na bendi na nyasi mpya na mizinga iliyopakwa rangi nyeusi ikang'aa, nilisema lililokuwa moyoni. "Twende wote, Bi Umi. Kama huji na mimi siendi."

"Nenda na mama yako."

"Siendi." Na machozi yaliyokuwa ya nywele yakawa ya kweli.

Akanipangusa uso kwa kanga yake. "Nitakufikisha langoni," akasema. "Ndani siingii."

Jumamosi! Nikisema mji ulihama nitakuwa sijasema lolote. Malori yalileta vibarua wa mkonge kutoka Maramba, wamevaa mashati meupe yaliyonyooshwa hata kola zikasimama. Wadigo walikuja na ngoma zao, Wabondei na zao, Washambaa wa milimani walikuja na makoti kwenye joto lile. Wauzaji wa kashata na maji ya limau walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Bendi ya tarumbeta ilikuwa imepangwa juu ya ukuta, pale pale Mdachi alipoweka mizinga, na kila tarumbeta iliposhika jua ilinichoma macho. Utepe mwekundu ulizuia lango, na nyuma yake, kwa mara ya kwanza maishani mwetu, lango lilikuwa wazi, na tuliona nyasi. Nyasi za kijani kibichi, zimekatwa sawasawa, na viti vya baba vyeupe kandokando. Nilimwonyesha kila aliyesimama karibu: "Vile viti kajenga baba. Na kile. Na kile pia."

Bi Umi alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama umetoka kisimani. Alikuwa anaangalia chini, miguuni pa watu.

Ndipo nikasikia mabishano mbele. Mama mmoja mrefu, amevaa kaniki mpya na kanga juu, kikapu kichwani, vumbi la safari mpaka magotini, alikuwa anasukumana na askari wa lango.

"Nimesema namtaka mwenyewe wa hapa," alisema yule mama.

"Mama, hapa hapana mwenyewe. Hapa ni pa umma."

"Ndiyo! Huyo huyo Umi! Niitie."

"Si Umi, mama. Umma!"

"Wewe mtoto una matatizo gani? Nimetoka Mwera usiku, nimevuka mto, nimekaa juu ya magunia ya nazi mpaka hapa. Nimeambiwa Ngome kapewa Umi binti Maganga. Kama ni Umi mwingine niambie nirudi. Lakini Umi binti Maganga wa Ngome hii, duniani alikuwa mmoja tu, na mimi nilimlilia nikamaliza."

Watu walicheka. Askari naye alicheka. Mimi sikucheka, nilijua neno lile limetoka kinywani mwa nani. Nilipiga ukelele ambao nadhani uliipita bendi:

"Huyu hapa! Bi Umi huyu hapa!"

Watu wakageuka. Njia ikafunguka yenyewe, kama maji yanavyompisha mtu. Yule mama akateremsha kikapu kichwani akakiweka chini polepole bila kukiangalia. Alimtazama Bi Umi, na Bi Umi akamtazama yeye, nao walikuwa warefu sawasawa, na mabega yale yale, na ule mstari wa ukali katikati ya nyusi.

"Kalunde," akasema yule mama.

Jina hilo la utotoni hatukuwahi kulisikia mtaani. Lakini ule mkono wa baridi ulishtuka ndani ya wangu.

Yule mama akasogea karibu. Alinyoosha mkono akamgusa Bi Umi shavuni kwa nyuma ya vidole, kama tunavyompima mtoto homa. Akauliza:

"Surua ilipona?"

Bi Umi aliushika mkono ule pale shavuni.

"Ilipona," akasema. "Ilipona siku nyingi, dada. Mbona mmechelewa?"

Sikumbuki nani alianza kulia. Ninakumbuka mama yangu akipiga kigelegele, kikali, kirefu, wanawake wakakipokea, kikapanda kutoka lango hadi barabarani. Na kwa bahati, dakika hiyo hiyo bwana mkubwa wa serikali alikuwa amekata utepe. Akadhani vigelegele ni vyake, akavua kofia akatuinamia huku na huku, uso mwekundu kwa furaha. Bendi ikafumua. Umati ukasukuma, sote tukamiminika ndani, na Bi Umi aliyeapa haingii aliingizwa na mafuriko ya watu, dada yake kamshika kiunoni, mimi nimening'inia kwenye kanga yake, na sijui kama hata aliliona lango akipita.

Tulikaa kwenye kimoja cha viti vya baba. Pale ndipo Bi Zuhura alipotueleza. Baba yao alikufa vitani, kusini, mahali ambapo hata yeye Zuhura hakulijua jina lake. Mama yao alijaribu kurudi na Zuhura pwani kwa miguu, akafia njiani. Zuhura alilelewa na watu wa bara, akakua, akaolewa na mtu wa Mwera. Mara alipopata nafasi alikuja Tanga kumtafuta mdogo wake. Ile nyumba ya muuza samaki ilikuwa na watu wengine. Akawauliza, wakamjibu, "Hao waliondoka wakati wa homa." Yaani ule mwaka wa homa kuu iliyomaliza watu baada ya vita. Wao walimaanisha wamehama. Yeye alisikia wamekufa. Akarudi Mwera akasoma hitima.

"Kwa hiyo kila mmoja alimsomea mwenzake," akasema mama, akajifuta macho na kucheka pamoja.

"Hamadi alipofika na habari zake," Bi Zuhura akaendelea, "mume wangu alisema ni upuuzi, serikali haitoi ngome kwa mtu. Nikamwambia, hata kama ni upuuzi, upuuzi huo umelipata wapi jina la baba yangu?"

Hapo akasimama. Wakakitafuta chumba chao. Watunza bustani walikuwa wameweka humo majembe na makopo ya kumwagilia, na baba alikuwa amekipaka chokaa upya, lakini alama ya moshi juu ya mlango ilikuwa imekataa kufutika. Wakaanza kubishana mara moja. Bi Zuhura alisema jiko lilikuwa kushoto. Bi Umi akasema kulia, yeye ndiye aliyekuwa akilala karibu na moto. "Wewe ulikuwa mtoto!" "Na wewe ulikuwa nani, bibi?" Walibishana kama watu waliokutana asubuhi hiyo hiyo na watakutana tena kesho. Sijapata kuona furaha iliyo na kelele vile. Watu walichungulia mlangoni kuona kuna nini, wakaambiwa, wakaenda kuwaambia wengine, na jioni ile pale Ngomeni hapakuwa na mtu asiyejua.

Jua lilipoanza kulegea nilichoka kukimbia kwenye nyasi, nikaenda kuwatafuta. Walikuwa dirishani. Kidirisha kilikuwa kidogo, wakawa wamebananisha vichwa, shavu kwa shavu, wakiangalia bandari. Bi Zuhura alikuwa anasema kitu. Nilisikiliza, nikashindwa. Hakikuwa Kiswahili, wala Kidigo, wala Kibondei cha upande wa mama. Yalikuwa maneno laini, yenye kupanda na kushuka, sikuwahi kuyasikia, ya huko bara alikotoka baba yao. Na Bi Umi, Bi Umi wetu wa Ngamiani, aliyekuwa akitania kwa Kiswahili chetu cha Tanga kuliko mtu yeyote mtaani, alikuwa anamjibu. Alijibu polepole mwanzo, neno moja, akangoja, neno la pili. Kisha upesi. Kisha wakawa wanaongea kwa pamoja, wanaingiliana, wanacheka.

Nilimvuta kanga. "Bi Umi, mnasema nini?"

Aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa na macho yameng'aa, na alionekana ameshangaa kuliko mimi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Yanatoka yenyewe."